Nachora nyumba za Goba: niweke watu, au kuta zinatosha?

Mchoraji wa Kinzudi

Habarini wanajamvi. Naomba mawazo yenu, hasa wachoraji, wapiga picha na mafundi ujenzi.

Nimezaliwa na kukulia Magomeni, kwenye nyumba ya Kiswahili: korido katikati, vyumba vitatu kushoto, vitatu kulia, uani jiko na choo, mbele baraza. Kila chumba na familia yake. Ukikaanga dagaa, nyumba nzima inajua. Sasa naishi Goba, pembezoni mwa Dar, upande wa Kinzudi, kwenye nyumba tuliyojenga na mume wangu kidogo kidogo. Tulihamia likiwa bado boma lililopauliwa tu. Chumba kimoja ndicho kilikuwa na mlango, madirisha mengine tukayaziba kwa tofali za kupanga bila saruji. Wengi huku tumeanza hivyo. Kodi ya miezi sita kwa mkupuo inakutoa mjini kabla hujapiga dari.

Zamani nilikuwa naandika mabango ya saluni na maduka. Siku hizi nachora nyumba za mtaani kwetu, kwenye hadibodi, kwa rangi zinazobaki kwenye ndoo. Mafundi rangi wananijua, wakimaliza kazi wananiwekea kilichobaki. Kwa hiyo ile nyumba ya rangi ya maziwa yenye mkanda wa kahawia chini nimeichora kwa rangi ileile iliyopo ukutani.

Vitu ninavyovichora ni vile ambavyo aliyepanda boda anavipita bila kuviona. Nondo zilizoachwa zimechomoza juu ya nguzo zikisubiri ghorofa. Grili za madirisha, maana kila fundi wa kuchomelea ana ua lake, na ukilijua ua utaitambua mikono yake kutoka Njia Nne mpaka Madale. Ule mstari wa udongo mwekundu ukutani, usawa wa goti, pale mvua inapodunda chini na kurukia plasta. Na kuna ukuta mmoja ambao ndio ulionifanya nianze kazi yote hii. Unatoka getini umenyooka, halafu ghafla unakata kona kuingia ndani ya kiwanja, unazunguka mahali padogo, kisha unarudi kwenye mstari wake na kuendelea. Nje ya kona hiyo kuna makaburi matatu ya ukoo wa Kizaramo uliouza shamba. Walipouza walisema pale hapauzwi, na mnunuzi akakubali. Wenye makaburi wakija kufyeka majani na kusoma dua, maji wanaomba kwa huyo huyo mwenye ukuta.

Sasa shida yangu. Nimepata nafasi ya kuonyesha kazi zangu pamoja na wenzangu kadhaa. Msimamizi wa maonyesho ameziangalia akasema ni nzuri ila hazina watu. Niweke mama amebeba ndoo, watoto wanacheza mpira, bodaboda anapita, ili picha ziwe na uhai. Lakini mtaani kwetu ukipita saa nane mchana hukutani na mtu. Wameondoka alfajiri kuwahi foleni, wanarudi usiku, geti linafunguka, gari linaingia, geti linafungwa. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta namtambua kwa honi. Nikimchorea msimamizi watoto wa mpira barabarani, nitakuwa nimewatoa Magomeni nikawahamishia Goba.

Halafu kuna jirani mwingine aliiona nyumba yake kwenye bodi akaniomba nisiipeleke kokote. Hakugomba. Alisema watu watajiuliza pesa kapata wapi, na wezi watajua dirisha lisilo na grili liko upande gani.

Na la tatu, ambalo ndilo linaniuma zaidi. Majirani wengi wanaiita hii nyumba ya Dar tu. Ikifika Desemba mtaa unahamia Moshi, Bukoba, Mbeya. Akifariki mtu, turubai linafungwa hapa, michango inachangwa hapa, halafu jeneza linasafirishwa usiku kwenda mkoani. Mimi sina mkoa wa kurudi. Wazazi wangu wamezikwa Dar, na mimi nitazikwa Dar. Naziangalia hizi kuta kama mtu asiye na kwingine, na ningependa hilo lionekane kwenye bodi bila mimi kusimama pembeni kulieleza.

Niweke watu? Na nyumba inayoonekana kutoka barabarani, inabidi niombe ruhusa kuichora?

---

Fundi Rangi Mbezi

Dada, hongera kwa kujenga na hongera kwa kazi.

Kwanza la ufundi, kabla hujapeleka bodi kokote. Hadibodi ukiipaka rangi ya maji moja kwa moja inakunywa maji, kingo zinavimba, baada ya muda rangi inaanza kujimenya. Paka praima ya mafuta kwanza, mbele, nyuma na kwenye kingo zote nne. Na kama kwenye ndoo umepewa rangi ya mafuta ukataka kuirudia na ya maji, piga msasa mpaka mng'ao wote uondoke, la sivyo itabanduka kama ngozi. Juu ya rangi ya maji iliyokauka, ya mafuta inakaa vizuri.

Kuhusu watu, mimi naona wamo tayari kama utachora kwa usahihi. Nikisimama mbele ya nyumba ambayo haijapigwa plasta, mfuko wa mwenyewe nausoma kozi kwa kozi, yaani mstari kwa mstari wa tofali. Utakuta kozi za chini tofali ni nyeusi, zimeshika ukungu, za juu ni za kijivu safi. Maana yake alisimama, labda ada za shule, labda msiba, labda kazi iliisha, kisha akaendelea. Pale kazi ya zamani ilipoungana na mpya, plasta ikishapigwa unatokea ufa mwembamba unaopanda wima, na hata ukiuziba unarudi. Angalia na kenchi, zile mbao za paa: zikiwa zimegeuka nyeusi kabla ya bati, zilinyeshewa masika nzima, bati lilichelewa. Bati lenyewe upande mmoja limepauka na mwingine linang'aa, hayakununuliwa siku moja.

Wachoraji wengi wananyoosha. Ukuta unakuwa wa rangi moja kutoka jamvi la chini mpaka lenta juu ya madirisha. Hiyo ni nyumba ya kwenye kalenda. Wewe usinyooshe. Ule ufa uchore palepale ulipo na kwa unene wake halisi, asiyejua atauona ufa, aliyejenga atasimama hapo muda mrefu.

---

Mama Melbourne

Shikamooni wakubwa, na wadogo habari zenu. Mimi ni wa Tanga, niko Melbourne, Australia. Kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani mwao, kwa hiyo nashinda ndani ya nyumba za pembezoni mwa jiji: za matofali, ghorofa hakuna, bustani ya nyasi mbele, gereji pembeni.

Huku alikuwepo mchoraji Howard Arkley, alizaliwa hapahapa Melbourne mwaka 1951. Nyumba za namna hiyo ndizo alizozichora, na karibu zote hazina mtu hata mmoja. Alitumia kile kibomba cha kupulizia rangi kwa hewa, wanachotumia wapaka rangi magari, ndiyo maana mistari yake myeusi ina ukungu mwembamba pembeni. Rangi zake kali: waridi, kijani cha ndimu, zambarau. Ukuta wa tofali ameujaza vitone, nyasi kaziwekea maua kama ya pazia. Mara nyingi nyumba alizichukua kwenye picha za matangazo ya madalali.

Kuna kisa chake kimoja ambacho nadhani ni chako pia. Mwaka 1977 alikwenda Paris, akavutiwa na milango ya kule yenye nakshi, akaipiga picha. Aliporudi, siku moja amesimama mlangoni kwa mama yake, akauona mlango wa wavu wa kuzuia nzi ukiwa na nakshi zake za chuma, mlango aliopita maisha yake yote. Kazi yake ya nyumba ikaanzia hapo. Niliposoma ulivyoandika kuhusu grili na ua la kila fundi, nimemkumbuka papo hapo.

Watu wa hapa walikuwa wameyazoea mazingira hayo wakiyaona hayana la kuchora. Mwaka 1999 ndiye aliyeiwakilisha Australia kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, Italia, kwa nyumba hizohizo. Julai mwaka huohuo akafariki, akiwa na miaka 48. Nilimwonyesha bibi mmoja ninayemhudumia moja ya picha hizo kwenye simu. Akashika simu akaanza kunitajia zulia lilikuwa la rangi gani, kochi lilikaa wapi, dada yake alisimama dirisha lipi akisubiri posta. Hakuuliza watu wako wapi. Aliwaweka mwenyewe.

Kwa hiyo mimi nasema usiweke watu. Lakini Arkley usimwige, na sababu ni hii. Huku nyumba unahamia imekamilika, taa zinawaka, kapeti limetandikwa, halafu unalipa benki miaka 30. Deni halionekani ukutani. Kwetu nyumba inalipwa tofali kwa tofali na kila malipo yanabaki yakionekana, kama Fundi alivyoeleza. Utupu wa nyumba zake ni wa nyumba iliyokwisha. Wako ni wa nyumba inayoendelea, mwenyewe yuko kazini anatafuta pesa ya madirisha. Huo utupu mwingine kabisa, na ukiupata vizuri hakuna atakayekuomba uongeze ndoo.

---

Mpiga picha Kitengela

Salamu kutoka Kitengela, Kenya. Mimi niko upande wa pili: weka watu. Si lazima sura zao, weka maneno yao.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Bill Owens alikuwa mpiga picha wa gazeti katika mji wa Livermore, California, nyumba mpya zikiota kila mahali kama zilivyo Goba kwako. Aliwapiga picha majirani sebuleni, jikoni, uwanjani, kisha chini ya picha akaweka maneno waliyosema wenyewe kuhusu maisha yao pale. Nguvu yote iko hapo. Wewe na mimi tukiangalia nyumba ya mtu tunaanza kumsemea. Owens aliwaacha waseme, na wengine walikuwa wanaipenda nyumba yao kwa moyo wote, jambo ambalo msanii anayekuja na huruma zake halitarajii.

Nimejaribu njia hiyo hapa. Kitengela ilikuwa malisho ya Wamaasai. Mbuga ya Nairobi haina ua upande wa kusini, na nyumbu walikuwa wakivuka kuja nyanda hizi majira ya mvua. Ardhi ikagawanywa ploti, ploti zikazungushiwa ukuta wa mawe au seng'enge, na njia ya wanyama ikakatika kipande kwa kipande. Nilikuwa na picha za kuta hizo na niliona zinatosha. Kisha nikamuuliza jirani, mwalimu mstaafu, kwa nini alijenga ukuta kabla ya nyumba. Akaniambia: "Ukuta ndio uliomwonyesha mke wangu kwamba sitauza hii ploti." Picha ileile, na hayo maneno chini yake, haisomeki tena kama picha ya ukuta uliofunga malisho peke yake. Yote mawili yako pale pamoja.

Ruhusa: omba. Nyumba inaonekana kutoka barabarani, sawa, lakini wewe unaishi hapo. Msanii wa kupita anaweza kupiga picha akaenda. Wewe kesho unahitaji huyo jirani akuangalizie mtoto stima ikipotea.

---

Wa Kimara

Nitaongeza moja fupi. Nyumba ya mama yangu ilikuwa Kimara, ikabomolewa 2017 wakati wa upanuzi wa Barabara ya Morogoro. Kwa wiki kadhaa nyumba nyingi zilibaki nusu. Ukiwa kwenye daladala unaona chumba cha kulala cha mtu kwa ndani: ukuta wa bluu, misumari ya kutundikia nguo, kivuli cheupe pale kabati lilipokaa. Majirani tulioingia kwao miaka yote na kuishia sebuleni, vyumba vyao tulivijua siku hiyo.

London mwaka 1993 Rachel Whiteread alimimina zege ndani ya nyumba moja, ya mwisho iliyobaki kwenye safu ya nyumba zilizobomolewa, kisha akaondoa kuta. Ikabaki nafasi ya ndani imesimama barabarani, sehemu za kuotea moto na fremu za madirisha zikiwa kinyume. Januari 1994 nayo ikavunjwa.

Nakuomba uchore na za Kimara kama kuna mtu ana picha zake. Mimi ninazo chache, ukitaka nakutumia. Usiweke watu. Hatukuwepo, tulikuwa tunahangaika na lori la vyombo.

---

Bibi wa Goba

Mwanangu, nimesomewa mazungumzo yenu na mjukuu wangu, naye ndiye anayeniandikia.

Mimi ni mwenyeji wa huko Goba. Makaburi uliyoyaeleza si ya kwetu, lakini ya kwetu yako hivyohivyo, ndani ya kiwanja cha mtu, na yeye ni muungwana, hatuzuii kuingia. Shamba la baba lilikuwa mikorosho na minazi na muhogo. Tuliuza kipande tulipokuwa na mgonjwa, tukauza kingine harusi, tukauza kingine kwa sababu jirani ameuza na sisi tumebaki katikati ya kuta hatuna pa kupita. Sasa naishi kwa mwanangu Kibamba.

Nimesikia mnajadili ruhusa ya mwenye nyumba. Ni vizuri. Je, wenye makaburi umewauliza? Kwenye picha yako wao ndio waliolala pale, na ndugu zao wapo hai, wanakuja kila mwaka, umewaona kwa macho yako. Hakuna atakayekukatalia. Lakini mtu akiambiwa kuna picha ya kaburi la baba yake imetundikwa mjini watu wanaiangalia, aisikie kutoka kwako kwanza.

Na jingine. Umesema kila mtu huko ana kwao mkoani isipokuwa wewe. Sisi je? Kwetu ndipo hapo mlipojenga. Mtu wa Moshi akienda Moshi, mimi nikitaka kwenda kwetu napanda gari mpaka kwenye geti la mtu, nabisha hodi. Mimi sina kinyongo, tuliuza wenyewe na pesa tulipokea. Ila ukichora ule ukuta, kona ile ichore kubwa. Usiisogeze pembeni ya bodi.

---

Mchoraji wa Kinzudi

Bibi, shikamoo. Nimesoma ulichoniandikia nikamsomea na mume wangu. Ndugu wa yale makaburi mmoja ana genge jirani na kituo cha Kontena. Nitamwendea Jumapili na bodi yenyewe mkononi, aione kabla ya mtu mwingine. Akikataa, haitoki nyumbani. Na kona naichora upya. Niliiweka kulia, mwishoni, baada ya geti, maana ndivyo unavyoiona ukitembea kutoka barabara kubwa. Wale wanaokuja kufyeka wanatokea upande wa pili, kwao kona ndiyo ya kwanza na geti ndilo la mwisho. Nitasimama walikosimama wao.

Mama Melbourne, asante sana kwa Arkley. Nimeangalia nyumba zake usiku kucha. Nakubaliana nawe, zile zimekwisha. Nimemwandikia msimamizi kwamba sitaongeza watu. Nimemweleza habari ya kozi nyeusi na kozi za kijivu, naona amenielewa, maana ameniuliza kama nina picha za boma tupu. Ninazo.

Kaka wa Kitengela, maneno nayachukua, ila nitayaomba kwa swali moja tu, nisije nikageuka mwandishi wa habari: ulihamia ikiwa imefikia wapi? Huku kila mtu ana jibu la hilo swali na analipenda kulisimulia. Yule jirani aliyenikataza nimemuuliza jana tu, kwenye ukuta, akaniambia alihamia bila choo, akawa anatumia cha saiti ya jirani kwa miezi. Amesema maneno hayo naweza kuyaweka, nyumba nisiiweke. Kwa hiyo kutakuwa na bodi moja ya rangi tupu, ile iliyobaki kwenye ndoo yake, na maneno yake chini.

Wa Kimara, pole sana na mama. Nitumie picha hizo, hasa ile ya kivuli cha kabati kama unayo. Rangi ya ule ukuta wa bluu, kama mama anaikumbuka jina lake dukani, niambie niitafute ileile.

Fundi, ile praima ya mafuta, nyuma nipake tabaka moja au mbili? Bodi zangu ni nyembamba, za milimita tatu, nahofia upande mmoja ukivuta zitapinda kabla sijazipigia fremu.